Washenga wa Brisbane

Baba yangu alipiga ridhimu katika bendi za dansi za Tanga kwa miaka 19, na sijawahi kusikia jina lake likitajwa redioni. Mpiga solo hutajwa. Mwimbaji hutajwa, hata mpuliza tarumbeta aliyekodiwa kwa siku moja ya kurekodi hutajwa. Mpiga ridhimu husimama nyuma, karibu na drams, mkono wake wa kulia ukitembea usiku kucha, na watu hucheza juu ya kazi yake kama wanavyokanyaga sakafu. Nani huuliza jina la fundi sakafu? Nilipokuwa mdogo alikuwa akinichukua mazoezini, nakaa juu ya kreti la soda, na somo lake lilikuwa moja tu. Ukitaka kujua kama bendi ni nzima, alisema, sikiliza pale solo inaponyamaza.

Masikio hayo ndiyo niliyokwenda nayo Brisbane, Australia, mwaka 2012, kusomea uhandisi wa maji. Nilipanga chumba West End, kusini mwa mto, na mwisho wa juma nilikuwa naosha vyombo katika mgahawa mmoja ng'ambo ya pili, upande wa Milton. Kwenda na kurudi nilipita kwa miguu juu ya daraja lililofunguliwa mwaka 2010. Magari hulipia kupita hapo; waenda kwa miguu na wenye baiskeli hupita bure. Linaitwa Go Between Bridge. Nililitafsiri kichwani usiku wa kwanza, nimechoka, mikono inanuka sabuni: Daraja la Mshenga. Nikadhani ni ushairi wa halmashauri ya jiji, kwamba daraja ni mshenga wa kingo mbili za mto. Mpishi wa mgahawa ule, mzee wa Kiaustralia asiye na maneno mengi, ndiye aliyeniambia kwamba daraja lile lina jina la bendi, na kwamba lilichaguliwa kwa kura za wananchi. Bendi ya magitaa, akasema, ambayo haikuwahi kuwa na wimbo mmoja uliotamba. Ijumaa iliyofuata alinipa CD ndani ya bahasha ya kaki. The Go-Betweens, *16 Lovers Lane*, mwaka 1988.

Nimeisikiliza albamu hiyo kwa zaidi ya miaka 10 sasa. Nimeisikiliza nikiwa na raha, nikiwa na msiba, nikiwa kwenye basi la Segera saa tisa usiku. Kila ninapomwuliza mtu wa kwetu kama anaijua, ananitazama tu. Ndiyo maana naandika.

Kwanza nieleze ni muziki wa namna gani, maana ukitaja roki wengi wetu tunafikiria nywele ndefu, makoti meusi ya ngozi na spika zinazonguruma. Huu ni ndugu mpole wa huo. Wenyewe wanauita pop ya magitaa: nyimbo fupi, za dakika tatu au nne, zenye beti na kiitikio, magitaa yakiwa masafi, yanang'aa kama sufuria iliyosuguliwa kwa majivu. Na bendi zilizoupiga katika miaka ya 1980 nyingi zilikuwa zile za kujitegemea, zilizorekodi kwenye kampuni ndogo ndogo, bila fedha ya matangazo, zikisambaza santuri kwa kuaminiana. Zilisifiwa sana na waandishi wa magazeti na kununuliwa kidogo na watu. Bendi hii ilikuwa mfano kamili wa hali hiyo.

Ilianza na urafiki. Robert Forster na Grant McLennan walikutana Chuo Kikuu cha Queensland, pale pale Brisbane, katikati ya miaka ya 1970. Forster alikuwa na gitaa na nyimbo zake kadhaa. McLennan alikuwa mtu wa filamu na vitabu, na hakujua kupiga chombo chochote. Bendi ilipoanza, mwishoni mwa 1977, Forster hakutafuta mpiga besi. Alimtaka rafiki yake, basi akamfundisha besi.

Jambo hili huwa silipiti haraka. Katika bendi alizopitia baba, mtu hujaribiwa kwanza: shika gitaa, tuoneshe mkono wako, halafu tutajua kama tutakuzoea. Forster alifanya kinyume. Alichagua mtu, chombo kikaja baadaye. Na yule mwanafunzi, ndani ya miaka michache, akawa anatunga nyimbo sawasawa na mwalimu wake, akahamia kwenye gitaa, na leo wapo wanaoapa kwamba alimpita. Tangu hapo bendi ilikuwa na watunzi wawili, kila mmoja akiimba nyimbo zake, na jina la mtunzi likiandikwa la wote wawili.

Jina la bendi walilitoa kwenye riwaya ya Mwingereza L. P. Hartley iliyochapishwa mwaka 1953. Ndani yake mtoto wa kiume anatumwa kubeba barua za siri kati ya mwanamke wa nyumba kubwa na mkulima anayempenda. Mtoto hajui anachobeba. Anapokuja kujua, amekwisha kuumia. Mshenga wetu si mtoto. Ni mtu mzima mwenye kuheshimika, anayebeba posa, anasikia maneno makali ya nyumba hii na kuyalainisha kabla hajayafikisha nyumba ile. Lakini hatima yao inafanana. Harusi ikifana, picha ni za bwana na bibi harusi. Harusi ikivunjika, watu wanaanza kuulizana mshenga alisema nini.

Santuri yao ya kwanza, mwaka 1978, ilikuwa na wimbo juu ya mwigizaji wa Marekani, Lee Remick. Ilitolewa na kampuni ndogo ya Brisbane iitwayo Able. Sauti yao waliipa jina ambalo kwa Kiswahili ningesema ni sauti ya jua la mistari. Nilidhani ni maneno ya kupamba mpaka nilipoamka asubuhi ya kwanza West End. Nyumba za zamani za Brisbane ni za mbao, zimeinuliwa juu ya nguzo ili upepo upite chini, na chumba changu kilikuwa na madirisha ya luva. Mwanga uliingia umekatwa vipande, mstari wa jua, mstari wa kivuli, mpaka juu ya shuka. Nyumbani kwetu Ngamiani luva ni zile zile, na mwanga ni ule ule wa pwani unaokuja umeshapimwa. Nililala pale nikiwa na umri wa miaka 26, kilomita elfu nyingi kutoka Tanga, nikajiona niko chumbani kwangu.

Lakini Brisbane ya miaka ile haikuwa ya jua peke yake. Jimbo la Queensland lilitawaliwa na Joh Bjelke-Petersen tangu 1968 hadi 1987, na mwaka 1977 serikali yake ilipiga marufuku maandamano barabarani. Vijana wenye muziki wao na maoni yao waliwajua polisi vizuri. Wengi waliondoka. Lindy Morrison, aliyejiunga na bendi hii mwaka 1980 kupiga drams, alikuwa amefanya kazi ya ustawi wa jamii katika shirika la msaada wa kisheria kwa wenyeji asilia wa nchi ile. Alikuwa amewazidi umri wenzake kwa miaka kadhaa, aliwahi kupiga katika bendi ya wanawake, na alikuwa na sauti ya kusikika kabla hajaingia mlangoni. Kwangu mimi, niliyekulia kwenye mazoezi ambayo mwanamke alikuwa ama mwimbaji ama mleta chai, picha ya Lindy ameshika fimbo za drams ilikuwa habari kubwa kuliko magitaa.

Waliishi London karibu miaka mitano, tangu 1982. Baridi, vyumba vya kupanga, kampuni za kurekodi zikiwachukua na kuwaacha. Huko ndiko McLennan alikotunga "Cattle and Cane", wimbo juu ya mvulana wa shule anayerudi nyumbani kupitia mashamba ya miwa ya kaskazini mwa Queensland. Yeye mwenyewe alikulia huko, na baba yake alifariki akiwa mtoto mdogo wa miaka minne. Mwaka 2001 chama cha watunzi wa Australia kiliuweka miongoni mwa nyimbo 30 bora za nchi ile. Ukijaribu kuuhesabu utakwama, maana mzunguko wake una mapigo 11. Lindy anaupiga kama mtu anayetembea juu ya reli bila kuangalia chini. Upande huo wa kazi yake ukumbukwe, maana nitaurudia.

Basi, mwishoni mwa 1987, wakarudi Australia, safari hii Sydney. Ukiitazama ramani ya maisha yao, hapo ndipo *16 Lovers Lane* inapozaliwa: watu waliokaa miaka ya kijivu Ulaya wanafungua dirisha, bahari iko pale. Mwaka 1988 waliingia Studios 301 na mtayarishaji Mwingereza, Mark Wallis. Walikuwa watano. Forster, McLennan, Lindy, John Willsteed kwenye besi, na Amanda Brown, ambaye alikuwa amejiunga miaka miwili hivi kabla, akipiga fidla, obo, gitaa na kuitikia kwa sauti nyembamba ya juu.

Na hapa sina budi kusema nani alikuwa na nani. Si umbea, ndiyo sarufi ya albamu yenyewe. Forster na Lindy walikuwa wapenzi kwa miaka kadhaa, wakaachana, wakaendelea kusimama jukwaa moja. McLennan na Amanda walikuwa katikati ya mapenzi yao. Kwa hiyo katika chumba kimoja cha studio kulikuwa na mtunzi anayetunga akiwa amependa na anaogopa kupoteza, na mtunzi mwingine anayetunga akiwa amekwisha poteza, na wanawake wale wawili wanapiga drams na fidla katika nyimbo hizo hizo. Nani alikuwa mshenga wa nani? Nadhani bendi yenyewe. Nyimbo zilibeba yale ambayo mezani hayasemeki.

Zipo nyimbo 10, na zote pamoja hazifiki dakika 40. Wa kwanza, "Love Goes On!", unaanza na gitaa kavu, lile wazee wa kwetu wanaloliita galatoni, limechapwa mbio kama mvua ya vuli juu ya bati. Siku ya kwanza nilisikiliza kwa simu yenye spika mbovu, na bado nilikaa wima kitandani. Huo ni mkono wa ridhimu, nikasema. Albamu nzima imejengwa juu ya mikono ya namna hiyo. Hakuna anayepiga solo ndefu ya kujionesha. Gitaa moja linaweka sakafu, jingine linapita juu yake na vijisauti viwili vitatu, linaondoka kabla hujalichoka.

Nilihitaji mtu mwingine anayesikia ninachosikia. Nikampata Moorooka, mtaa wa kusini wa Brisbane ambako maduka mengi ni ya Waafrika na Kiswahili cha Kongo na Burundi unakisikia barabarani. Kinyozi mmoja mzaliwa wa Bukavu alikuwa na gitaa nyuma ya kiti chake, kamba tano badala ya sita. Wateja walipokwisha nilimwekea "Clouds", wimbo wa Forster, na nikamwomba asiseme lolote mpaka uishe. Akasikiliza akiwa ameshika mashine ya kunyolea.

"Hii iko mi-solo, dada yangu," akasema.

Mi-solo kwa wanamuziki wa Kongo ni lile gitaa la kati, linalokaa baina ya ridhimu na solo, linalowapatanisha. Kwetu tuliliita second solo. Wale vijana wa Brisbane, kwa nilivyosoma habari zao, walilelewa na santuri za Wamarekani na Waingereza. Hawakujifunza kwa Franco wala kwa Mbaraka Mwinshehe. Lakini watu wawili wanaopenda kupiga pamoja bila kukanyagana watafika mahali hapo hapo, wawe Kinshasa, Morogoro au Queensland. Nasema hivi ili msomaji aliyezoea dansi asiogope albamu hii. Masikio unayo tayari.

Wimbo mtu anaopaswa kuanza nao ni wa sita, "Streets of Your Town". Ndio waliotarajia ungewatoa. Ni wa McLennan, na ukiusikia bila kujua Kiingereza utadhani ni wimbo wa likizo: gitaa linatembea taratibu kama mtu mwenye kandambili, Amanda anaitikia juu kwa neno linalong'ara, katikati Willsteed anaingiza solo ya gitaa kavu yenye ladha ya Kihispania, fupi, tamu. Kisha unasikiliza maneno. Mtu anauzunguka mji anaoupenda na kuona visu vya mchinjaji na wanawake waliopigwa majumbani. Anavitaja kwa sauti ile ile ya upole, bila kusimama, kisha anarudi kwenye kiitikio na jua linaendelea kuwaka.

Mtu wa pwani hahitaji kueleweshwa hilo. Tumelelewa na taarabu. Tunajua sauti inaweza kuwa asali na neno likawa mwiba, na kwamba fumbo likikaa ndani ya wimbo mtamu linafika mbali kuliko likipigiwa kelele. Tofauti ni kwamba fumbo la taarabu lina mlengwa, mara nyingi ameketi ukumbini humo humo. McLennan aliulenga mji mzima. Nilipojua maana yake nilikuwa nimeshaupenda wimbo kwa wiki mbili, nimeuimba kwenye sinki la mgahawa, na nilisimama na sahani mkononi. Nilifikiria nyumba mbili tatu za mtaa wetu ambazo sote tulijua kinachotokea usiku, na asubuhi tuliamkiana vizuri.

"Quiet Heart" ni wa taratibu, unapanda ngazi moja moja. Ni wimbo wa mtu anayemtamani aliye mbali. Sina la kuongeza, usikilizwe usiku. "Was There Anything I Could Do?" ndio ninaoupenda mwilini: fidla ya Amanda inakimbia mbele na magitaa yanaifukuza, na mwanamume anauliza juu ya mwanamke asiyetulia, aliyeondoka kutafuta dunia, kama kulikuwa na chochote ambacho yeye angefanya. Mcheza muziki ndani yangu anatikisa kichwa kila mara, na mwanamke ndani yangu anamjibu: hapana kaka, alitaka kusafiri tu.

Nyimbo za Forster zina mifupa zaidi. Yeye huimba kama mtu anayesoma barua yake mwenyewe kwa sauti, na huko ndiko ninakomwamini. "Love Is a Sign" una huzuni iliyonyooshwa pasi. "I'm Allright" unasema niko salama kwa namna ambayo rafiki yako angeisema kwenye simu, nawe ukatafuta nauli uende kumwona. Na wa mwisho, "Dive for Your Memory", ni wa mtu aliyeachwa ambaye hajaacha kuamini kwamba wangeweza. Anafikiria kuzama kama mpiga mbizi kutafuta kumbukumbu za mtu. Nilikulia karibu na watu wanaozamia chaza na majongoo ya pwani, najua mtu anavyotoka majini: macho mekundu, pumzi imekwisha, na mara nyingi mkono mtupu. Forster, mtoto wa mji wa mto, alipata picha hiyo sawasawa.

Kasoro iko, nami siifichi. Sehemu ya midundo ilipangwa kwa mashine, kama ilivyokuwa desturi ya studio za miaka ile, ili sauti iwe laini na redio zisikatae. Ulaini ule umeibeba albamu vizuri mahali pengi. Lakini mtu aliyeweza kutembea juu ya mapigo 11 ya "Cattle and Cane" hakuhitaji kunyooshwa na mashine. Katika nyimbo kadhaa naitafuta ile fimbo ya Lindy inayochelewa kidogo na kukufanya uvute pumzi, siioni. Ingekuwa bendi ya baba, pangetokea ugomvi, na ugomvi ungekuwa wa haki.

Redio zilikataa hata hivyo. "Streets of Your Town" haukuingia kwenye nyimbo 40 bora, si Uingereza wala nyumbani Australia. Mwaka 1989 walizunguka Ulaya wakiwafungulia jukwaa R.E.M., bendi ya Marekani iliyokuwa imetokea njia ile ile ya kujitegemea na sasa inajaza kumbi. Watu walifika mapema, wakawasikiliza, wakawapigia makofi, wakangoja bendi waliyoilipia.

Mwezi Desemba mwaka huo, siku moja, Forster alikwenda kumwambia Lindy na McLennan akamwambia Amanda: bendi imekwisha. Wanaume wawili walikuwa wameshaamua. Wanawake hawakuulizwa. Amanda alimwacha McLennan. Nimesoma simulizi za pande zote, maana Forster ameandika kitabu juu ya urafiki ule mwaka 2016, filamu ya maisha yao ikatoka 2017, na mwanamuziki wa Uingereza Tracey Thorn akaandika kitabu kizima juu ya Lindy mwaka 2021, kwa sababu aliona historia inamsahau. Nawapenda watunzi wale wawili na nasema walikosea. Bendi ya watu watano haivunjwi na watu wawili, na albamu ninayoielezea hapa ni ushahidi: ondoa fidla na sauti ya Amanda, ubaki na nusu ya jua lake. Lindy baadaye alifanya kazi ya kuwasaidia wanamuziki wenye shida, kazi inayomfaa mtu aliyejua chombo hutupwaje.

Forster na McLennan walirudi pamoja mwaka 2000 na wanamuziki wengine, wakatoa albamu tatu. Ya mwisho, *Oceans Apart* ya 2005, iliwapa tuzo kubwa ya muziki ya nchi yao, baada ya karibu miaka 30. Tarehe 6 Mei 2006, McLennan alikuwa akitarajia wageni nyumbani kwake Brisbane jioni. Mchana akaenda kujilaza kidogo, hakuamka. Alikuwa na miaka 48.

Miaka minne baadaye daraja likafunguliwa. Mwaka huo huo kitabu kilichoorodhesha albamu 100 bora za Australia kikaiweka *16 Lovers Lane* nafasi ya 12. Nilikuwa nikisimama katikati ya daraja lile usiku, natoka kazini, feri za mto zinapita chini zimewasha taa, na nilikuwa nafikiria jinsi wanavyoishi washenga: wakati wa shughuli hawaonekani, halafu siku moja unagundua nyote mnapita juu yao.

Nilirudi Tanga mwaka 2014. Baba alikuwa ameacha bendi zamani, vidole vya mkono wa kushoto vimeanza kukakamaa. Nilimpa shikamoo, tukala, na jioni nikatoa ile CD kwenye bahasha yake ya kaki nikaiweka kwenye redio ya sebuleni. Hakujua Kiingereza cha nyimbo, na sikumtafsiria. Alisikiliza nyimbo sita bila neno, akitikisa mguu. "Clouds" ulipoanza, mguu ukasimama.

"Rudisha, mama," akasema.

Nikaurudisha. Akafumba macho. Ulipoisha akaniomba tena, na mara hii mkono wake wa kulia ulikuwa umeanza kutembea juu ya paja.

"Huyu wa nyuma ni nani?"

"Anaitwa Robert Forster, baba."

Akalisema jina lile polepole, mara mbili, akilikosea, kisha akaniambia niliandike. Nililiandika nyuma ya bahasha kwa herufi kubwa, akaichukua, akainuka kwenda chumbani, na nikasikia vifungio vya sanduku la gitaa vikifunguliwa.